Gurudumu Nililompa Binamu Yangu

Kuanzia Juni hadi Agosti, mtu anayetoka Lindi kurudi Mtwara kwa baiskeli hukutana na upepo wa kusi usoni, na upepo huo haumwachii mpaka afike nyumbani. Wakati wa kwenda humsukuma mgongoni, naye hudhani miguu yake ndiyo yenye nguvu; wakati wa kurudi ndipo anapotambua jinsi alivyokuwa amesaidiwa. Niliijua njia hiyo nikiwa na miaka 16, nikimfuata mjomba wangu, fundi wa baiskeli aliyekuwa na kibanda chake mjini Mtwara na wateja wengine Lindi, ambaye alisafiri na sanduku la spana kwenye keria na kunichukua ili nijifunze kazi.

Katika safari yangu ya kwanza ya kurudi nilichoka kabla hatujafika Mnazi Mmoja. Mjomba hakuniambia nijikaze. Alisimama, akanipa maji, akasema, "Mpwa wangu, barabara niachie mimi. Wewe tazama tairi langu la nyuma, na kati ya tairi hilo na lako zisizidi shubiri mbili." Nilipofanya hivyo, kelele za upepo masikioni zikapungua, shati likaacha kupepea, na pedeli zikawa nyepesi kana kwamba kuna mtu amenishika kiunoni ananisukuma. Nilidhani amepunguza mwendo. Hakuwa amepunguza. Alikuwa ameinama mbele yangu, jasho limeuchora mgongo wa shati lake, akiupokea upepo kwa niaba yetu sote wawili.

Nimeanza na jambo hilo kwa sababu ndilo lililonifundisha kuitazama pamoja michezo miwili ambayo watu wengi huitenganisha. Baada ya miaka sita ya kushindana kwa baiskeli katika mashindano madogo ya kwetu kusini, niliingia gereji ya magari, na nimefanya kazi humo kwa zaidi ya miaka 20. Kila mwezi Julai ninafuatilia mbio za baiskeli za Tour de France, na Jumapili zenye mbio za magari ya langalanga, yaani Formula 1, sipangi kazi yoyote ya jioni. Vijana wa gereji huniambia, "Fundi, huku mtu ananyonga kwa miguu, huku anakanyaga mafuta tu. Vinafanana wapi?" Nawaheshimu, lakini hapo wanakosea, na nimeona niandike kwa kirefu yale ambayo huwaambia vipande vipande mikono ikiwa na grisi.

Adui wa kwanza wa michezo yote miwili ni hewa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huwa mara nne, na nguvu inayotakiwa kuushinda huwa mara nane. Mwendesha baiskeli wa mashindano anayekwenda kilomita 40 kwa saa kwenye tambarare hutumia sehemu kubwa kabisa ya nguvu zake kuisukuma hewa. Kinacholiwa na matairi, mnyororo na beringi ni kidogo. Akikaa karibu nyuma ya mwenzake huokoa takriban theluthi moja ya nguvu hizo, na akiwa katikati ya kundi la waendeshaji zaidi ya 100 huokoa zaidi ya hapo. Ndiyo maana katika Tour de France, mbio za wiki tatu zenye hatua 21 na kilomita zaidi ya 3,000, bingwa huonekana mbele kwa muda mfupi sana. Saa nyingine zote amefichwa nyuma ya migongo ya wenzake.

Gari la langalanga, linalopita kilomita 300 kwa saa, limo katika vita hiyohiyo. Kwenye sehemu iliyonyooka dereva hujibana nyuma ya gari lililo mbele kama nilivyojibana nyuma ya mjomba, huchota mwendo humo, kisha huchomoka pembeni ili apite. Mkimbizaji wa baiskeli anayesubiri mita 200 za mwisho ndipo aibuke kutoka nyuma ya mgongo wa mwenzake hufanya jambo hilohilo, na ukiwatazama wote wawili kwa makini utaona kwamba ujuzi wao mkubwa ni kuchagua wakati wa kutoka: akitoka mapema upepo humrudisha, akichelewa njia imekwisha.

Tofauti inaanzia kwenye kona. Gari la langalanga hutegemea hewa iligandamize chini ili matairi yashike, na hewa iliyokwisha kuvurugwa na gari lililotangulia haigandamizi sawasawa. Kwa hiyo aliye nyuma huanza kuteleza, matairi yake hupata moto na kuchakaa mapema, na hulazimika kuacha nafasi mbele yake pale ambapo angetaka awe karibu zaidi. Kwa muda mrefu jambo hilo lilifanya kupitana kuwe kugumu. Mwaka 2011 wasimamizi waliruhusu bawa la nyuma la anayefuata lifunguke kwenye sehemu zilizonyooka ili hewa isimzuie sana, na mwaka 2022 wakabadili umbo la magari ili sehemu kubwa ya mgandamizo itokane na hewa inayopita chini ya gari. Kwetu Afrika Mashariki, ambako mtu akitaja mbio za magari wengi hufikiria Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, shida ya kumfuata mwenzako unaiona kwa macho: ni vumbi. Magari ya rali huachiwa moja baada ya jingine kwa kupishana dakika, kila moja likishindana na saa, na ndivyo zilivyo pia zile siku za mbio za baiskeli ambapo kila mwendeshaji huondoka peke yake na haruhusiwi kujificha nyuma ya mtu.

Hatari ya kukaa nyuma niliijua kwa mwili wangu mwenyewe, na kosa lilikuwa langu. Nikiwa na miaka 18 nilijibana nyuma ya lori lililobeba korosho kwenye mteremko wa kuingia Mikindani, na kwa muda mfupi nilikwenda kwa mwendo ambao sijawahi kuupata tena juu ya baiskeli. Kisha taa za breki zikawaka. Niliminya breki zote mbili, lakini baiskeli haikupungua mwendo kama nilivyoizoea, kwa sababu anayekwenda peke yake husaidiwa kusimama na upepo wa kifuani, nami nilikuwa nimejinyima msaada huo. Nilitoka barabarani, nikaingia mchangani, nikavunjika mtulinga. Miaka mingi baadaye nilimsikia mtangazaji akieleza kwamba dereva wa langalanga aliye karibu nyuma ya mwenzake hulazimika kushika breki mapema zaidi, kwa kuwa hewa haimzuii wala haimgandamizi kama anapokuwa peke yake, nami nikajikuta nimeupeleka mkono kwenye mtulinga.

Gari la kwanza nililokabidhiwa kulifungua gerejini lilikuwa pikapu ya Peugeot 504, na nilishangaa kuambiwa kwamba kampuni hiyo ilitengeneza baiskeli kabla ya magari. Si hiyo pekee. Opel ilianza na cherehani, ikaja baiskeli, ndipo yakafuata magari. Na kampuni ambayo leo tunaijua kwa jina la Škoda ilitokana na karakana ya baiskeli ya Laurin na Klement iliyofunguliwa mwaka 1895. Mashindano nayo yana mzazi mmoja. Gazeti la Le Petit Journal la Ufaransa liliandaa mbio za baiskeli za Paris hadi Brest na kurudi mwaka 1891, na miaka mitatu baadaye gazeti hilohilo likaandaa mashindano ya magari kutoka Paris hadi Rouen, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza ya magari duniani. Aliyeshinda mwaka 1891, Charles Terront, alitumia matairi ya ndugu wawili wa Michelin yaliyoweza kuvuliwa kwenye ringi na kuzibwa pancha njiani. Na mwaka 1895 ndugu hao walilivisha gari matairi ya upepo, wakaliingiza katika mbio za Paris hadi Bordeaux na kurudi.

Kwenye tairi ndiko fundi wa baiskeli anakoingia gereji ya magari bila kuhitaji kufundishwa upya. Mjomba hakuwa mtu wa kujaza upepo kwa mazoea. Alilibonyeza tairi kwa kidole gumba, akamwuliza mteja anabeba nini, anapita njia gani, anaondoka saa ngapi, ndipo aguse pampu. Anayekwenda Msimbati, kwenye mchanga, alimpunguzia upepo hata kama mwenyewe ananung'unika. Nilipokuwa nashindana tuliamini kwamba tairi likiwa gumu ndipo linapokwenda mbio, na hata mabingwa wa Ulaya walipanda matairi membamba ya milimita 23 yaliyojazwa mpaka yakawa kama mti. Leo wanatumia ya milimita 28 na zaidi, yenye upepo mdogo, kwa kuwa imedhihirika kwamba tairi gumu mno hurukaruka juu ya lami na kila mruko hula mwendo. Mjomba alilijua hilo kwa gumba lake.

Katika langalanga tairi ndilo linalogawa mbio. Tangu mwaka 2011 wote hutumia matairi ya Pirelli, na katika mbio za siku isiyo na mvua dereva analazimika kutumia angalau aina mbili tofauti: laini linaloshika vizuri lakini huisha haraka, na gumu zaidi linalovumilia. Dereva akilikimbiza laini kwa pupa mwanzoni, hufika mizunguko ya baadaye anateleza huku wenzake wakimpita. Nimemwona mwendesha baiskeli akifanya kosa hilohilo kwa miguu yake kwenye mlima wa kwanza wa siku yenye milima minne. Wote wawili wamepewa akiba isiyotosha kutumika kwa ukamilifu njia nzima, na kazi yao yote ni kuamua itumike wapi. Hapo ndipo ninapowaambia vijana wangu kwamba anayekanyaga mafuta tu hamalizi wa kwanza. Hata mwili wake unafanya kazi, kwani shingo ya dereva wa langalanga hubeba uzito mara kadhaa ya kawaida kwenye breki na kona, na wengi wao hujenga pumzi kwa kuendesha baiskeli. Fernando Alonso, aliyekuwa bingwa mwaka 2005 na 2006, aliupenda mchezo huo kiasi kwamba mwaka 2013 alijaribu kuinunua timu ya baiskeli ya Euskaltel ya nchini kwake Hispania, ingawa makubaliano hayakufikiwa.

Ninalolitaka hasa kulisema, hata hivyo, linahusu kubebwa. Timu ya Tour de France ina waendeshaji wanane, na mara nyingi saba kati yao wako pale kwa ajili ya mmoja. Wanarudi nyuma kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji na kuzijaza ndani ya jezi, wanakaa mbele kwenye upepo mpaka miguu iishe, kisha wanaachwa nyuma na kumaliza wakati bingwa amekwisha kuvishwa jezi ya njano ya anayeongoza mbio. Katika langalanga watu wapatao 20 hubadili magurudumu manne kwa sekunde mbili au tatu, na mmoja akichelewa kufungua nati yake, kazi ya miezi imepotea. Kisha kuna yule dereva wa pili, anayeambiwa kwa redio ampishe mwenzake. Watazamaji humwonea huruma au humdharau. Mimi huwa nanyamaza, kwa sababu nimewahi kuwa mtu huyo.

Nilipotimiza miaka 19, mfanyabiashara mmoja wa mjini aliandaa mbio za Saba Saba kutoka Mtwara hadi Mpapura na kurudi, na zawadi ya kwanza ilikuwa baiskeli mpya. Mjomba alituingiza wawili: mimi na mwanawe, binamu yangu, aliyenizidi miaka miwili. Usiku wa kuamkia siku hiyo alitukalisha barazani akatugawia kazi. Wakati wa kurudi, upepo ukiwa usoni, mimi nikae mbele mpaka Mikindani na binamu akae nyuma yangu. Kuanzia Mikindani aende mwenyewe. Nilimjibu, "Sawa, mjomba," kwa kuwa mjomba habishiwi, lakini moyoni nilikuwa na hesabu yangu. Wiki zile nilijisikia mwepesi kuliko wakati wowote wa maisha yangu, na sikuona kwa nini nimkinge upepo mtu ambaye huenda ningemshinda.

Tulipogeuza Mpapura tulikuwa kundi la watu tisa. Upepo ulitupukutisha mmoja mmoja, tukabaki watano, nami nilikuwa mbele kama nilivyoagizwa. Kabla ya Mikindani palikuwa na kipande cha lami iliyochimbika. Binamu, aliyekuwa akilitazama tairi langu kama nilivyofundishwa mimi kulitazama la mjomba, hakuliona shimo. Nilisikia mlio wa ringi, ule mlio mkavu ambao fundi hausahau, nikageuka nikamwona amesimama, gurudumu lake la mbele limejipinda kama korosho. Wale watatu walitupita.

Hakuniomba. Alinitazama, kisha akaitazama barabara ya Mikindani.

Nilishuka. Spana nilikuwa nayo mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa. Nati ya kulia ilifunguka upesi. Ya kushoto, ambayo mjomba mwenyewe aliikaza jana yake, ikagoma mpaka spana ikateleza na kunichuna kidole. Nikalegeza breki, nikachomoa gurudumu, tukalivisha kwenye baiskeli yake, mimi nikikaza upande mmoja kwa spana na yeye akishikilia usukani usiyumbe, na damu ya kidole changu ikabaki kwenye uma wa baiskeli yake. Zilipita labda dakika tatu. Akaondoka bila neno, kwa kuwa neno lingekula muda. Nilibaki chini ya mkorosho na baiskeli iliyoinamisha uma mchangani kama mbuzi anayelamba chumvi, pamoja na ringi iliyopinda, na nililia kwa hasira, kwa sababu miguu yangu ilikuwa bado na nguvu na hapakuwa na mahali pa kuipeleka.

Wakati huo sikujua kwamba jambo hilo lilikuwa limemtokea mtu mwingine. Katika Tour de France ya mwaka 1934, kwenye milima ya Pyrénées, kiongozi wa mbio Antonin Magne aliharibikiwa gurudumu kwenye mteremko, na kijana wa timu yake, René Vietto, mwenye umri wa miaka 20, akampa la kwake. Picha yake ipo, ameketi juu ya ukuta wa mawe kando ya barabara, baiskeli yake haina gurudumu la mbele, akisubiri msaada huku wengine wakimpita. Siku iliyofuata Magne aliharibikiwa tena, na Vietto, aliyekuwa ametangulia, akageuza akapanda kurudi alikotoka ili ampe baiskeli nzima. Magne alishinda mbio hizo. Vietto hakuwahi kuzishinda.

Na katika langalanga, mwaka 1956, kwenye mbio za Monza nchini Italia zilizohitimisha msimu, gari la Juan Manuel Fangio liliharibika usukani. Kanuni za wakati ule ziliruhusu madereva wa timu moja kubadilishana gari na kugawana pointi. Mwenzao Luigi Musso, alipoingia kubadili matairi, alikataa kumpisha. Kisha akaingia Peter Collins, mwenye umri wa miaka 24, ambaye yeye mwenyewe alikuwa bado na nafasi ya kuwa bingwa wa dunia. Akashuka, akamwachia gari. Fangio alimaliza wa pili na kutwaa ubingwa wake wa nne. Collins alifariki katika mbio za Nürburgring mwaka 1958 bila kuupata ubingwa huo.

Wengi humsifu Collins zaidi kwa kuwa alitoa kwa moyo mkunjufu, na humkumbuka Vietto kwa ile huzuni yake ukutani. Mimi sikubaliani na mizani hiyo. Mtu anayeumia anapotoa ametoa kitu kilekile, na pengine anakijua thamani yake vizuri zaidi. Wala simlaumu Musso. Aliyekaa barazani usiku na kusema "sawa" kwa mdomo tu anamwelewa Musso.

Binamu alimaliza wa pili siku ile. Zawadi ilikuwa bati kumi, ambazo mjomba aliziezeka kwenye kibanda. Jioni binamu alikuja nyumbani na gurudumu langu mkononi, na kabla hajalirudisha, mjomba alilipokea, akalivisha kwenye baiskeli iliyopinduliwa, akalizungusha huku ameegesha kipande cha chaki karibu na ringi ili aone linagusa wapi. Spoku mbili zilikuwa zimelegea. Akazikaza robo mzunguko kila moja, akalizungusha tena, akatikisa kichwa kuridhia, akaingia ndani. Sikuzungumza na binamu usiku ule, wala kesho yake.

Siku ya tatu alinikuta kibandani nikiziba tyubu. "Jumatatu tunakwenda Lindi na mzee," alisema. "Kurudi, nakaa mbele mimi." Akakaa mbele, kuanzia Mnazi Mmoja hadi Mikindani, katika upepo uliokuwa mkali kuliko ule wa Saba Saba, bila kuomba apokewe hata mara moja, na njia nzima mimi nilikuwa nikilitazama tairi lake la nyuma.